Wimbo wa Kukata Tamaa: Ni Dhambi Kuusikiliza?



Tukikaa vijana wa parokia hapa Kilwa Masoko, swali hili halikosi: eti muziki wa roki, ule wa magitaa yanayonguruma, ni wa shetani? Leo nijibu kwa wimbo mmoja ambao mzizi wake hauko mbali na sisi: "Bohemian Rhapsody" wa kundi la Queen.

Mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, mtoto wa familia ya Waparsi, jina lake Farrokh Bulsara. Mwaka wa Mapinduzi, 1964, familia ikahamia Uingereza. Wimbo ulitoka 1975. Una karibu dakika 6: piano taratibu, kisha opera, kisha magitaa yanalipuka. Ulikaa namba moja Uingereza wiki 9. Mwaka 1992 filamu ya Wayne's World ikaonyesha vijana garini wakitikisa vichwa kwenye kipande hicho cha magitaa, na wimbo ukapanda upya hadi namba 2 Marekani.

Ndani yake kuna kijana aliyeua mtu. Anamweleza mama yake. Halafu sauti zinamgombania: aachiwe, asiachiwe. Humo anatajwa Belzebuli, na humo linasikika "Bismillah", neno ambalo hapa Kilwa mvuvi hulisema akisukuma ngalawa majini. Mwisho wa yote, kijana amekata tamaa.

Sasa je, Mkristo azibe masikio? Ngoja kwanza. Fungua Zaburi 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani. Na Kanisa huisali kila Ijumaa kabla ya kulala. Kumbe kulia gizani siyo dhambi. Tofauti iko hapa: mwenye zaburi, hata gizani, bado anaongea na Mungu. Kijana wa wimbo anaongea na mama, halafu anabaki peke yake.

Nina rafiki, dereva wa boda. Kuna kipindi alikuwa anaurudia wimbo huu usiku kucha. Siku moja akaniambia, "Kaka, huyu jamaa ananisema mimi." Alikuwa amemgonga mzee usiku, barabara ya Nangurukuru, akakimbia.

Wimbo haukumfundisha kukimbia. Kusema kweli, ndio uliomnyima kusahau. Lakini haukuweza kumsamehe. Gitaa halina ondoleo la dhambi. Ilibidi aende kwenye kitubio, kisha yeye na mjomba wake wakaenda kwa yule mzee, kisha polisi. Mzee yuko hai, anatembea kwa mkongojo. Kesi bado haijaisha, na gharama za matibabu rafiki yangu anazilipa kidogo kidogo mpaka leo. Lakini sasa analala.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiishie kuuliza gitaa linapigwaje. Jiulize: wimbo ukiisha, naongea na nani? Swali hilo liulize kwenye singeli, kwenye bongo fleva, na hata kwenye nyimbo zetu za kwaya, maana mtu anaweza kuimba aleluya na bado akawa amekimbia.

Ijumaa hii kabla ya kulala, isali Zaburi 88. Kama kuna jambo unalikimbia, Jumamosi mtafute padri. Halafu mtafute na yule uliyemkosea.

Amani ya Kristo iwe nanyi.