Wajibu wa Anayesikia: Antena ya Gari Katika Nyanda za Kati

Antena ya redio ya upepo inayofungwa kwenye gari huamua mambo mawili kwa mpigo: sauti ya dereva ifike wapi, na sauti za nani zimfikie yeye. Fimbo ileile inayorusha mawimbi ndiyo inayoyapokea. Kwa hiyo uchaguzi wake, ambao kwa fundi ni suala la urefu, waya na boliti, unagusa swali kongwe la dini na maadili: wajibu wa mtu kwa mwenziwe aliye taabuni unafika umbali gani?

Bendi ya raia, inayotumiwa na redio hizi, iko karibu na megahezi 27, na wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi. Antena kamili ya gari ni robo ya wimbi hilo, yaani kama mita 2.7. Ikisimamishwa juu ya paa la Land Cruiser, ncha yake inapita mita 4.5 kutoka ardhini, na njia za vichakani kuelekea Itigi zina matawi yasiyoisubiri. Wengi huchagua fimbo ya mita moja au moja na nusu iliyozungushiwa koili. Inafanya kazi, lakini sehemu ya nguvu huishia kuwa joto, na redio za bendi hii kwa kawaida hazizidi wati 4.

Gari lenyewe ni nusu ya antena. Kwa kuwa matairi ya mpira hulitenga na udongo, bati la bodi ndilo linaloshika nafasi ya ardhi. Katikati ya paa mawimbi huenda karibu sawa pande zote. Kwenye kona ya bampa huelemea upande wenye bati nyingi, na aliye upande wa pili husikika kwa shida. Kitako cha boliti, kilichokazwa baada ya rangi kukwanguliwa mpaka chuma kionekane, huvumilia barabara ya vumbi kuliko kitako cha sumaku. Kisha hupimwa uwiano wa mawimbi simama (SWR): chini ya 1.5 ni vizuri, juu ya 3 redio yaweza kuungua. Kipimo kikiwa kikubwa zaidi kwenye chaneli ya 40 kuliko ya 1, fimbo ni ndefu mno na hupunguzwa kidogo kidogo.

Mahali napo pana neno lake. Kwenye tambarare ya Bahi, magari mawili yenye antena za kimo cha mita 3 huonana kiredio kwa kilomita 14 hivi. Gari likipanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kilimatinde, linaanza kusikia walio mbali zaidi bondeni. Dereva wake hakuwa mwema kuliko alivyokuwa dakika kumi zilizopita, wala hakuomba kusikia zaidi. Hata hivyo mtu aliyekwama bondeni sasa ni jirani yake. Hapa ndipo hesabu ya kilomita inapogeuka kuwa hesabu ya dhamiri, kwa maana hakuna anayelaumiwa kwa kilio asichoweza kukisikia, lakini aliyekisikia hawezi tena kudai yuko mbali.

Ugumu ni kwamba chaneli ya wazi husikiwa na wengi. Fikihi ya Kiislamu ina jina la wajibu wa namna hii: faradhi kifaya. Mmoja akiutimiza, wengine wamesalimika. Wote wakiuacha, wote wana dhambi. Fundisho hili linaijua hatari ambayo wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané waliipima mwaka 1968, tena kwa sauti iliyopitishwa kwenye waya. Waliodhani ni wao peke yao wanaomsikia mtu akipatwa na kifafa, asilimia 85 walitafuta msaada kabla sauti yake haijakatika. Walioamini wanne wengine wanasikia, asilimia 31 tu. Injili ya Luka nayo, katika kisa cha Msamaria, inawapitisha wawili kando ya majeruhi kabla ya yule aliyesimama.

Je, anayechagua fimbo fupi ili asisumbuliwe amejivua wajibu? Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alikana. Kutojua kunakotafutwa kwa makusudi hakumpunguzii mtu hatia, huenda kukaiongeza. Lakini anayekata fimbo kwa sababu ya matawi au uhaba wa fedha hayumo katika hukumu hiyo, na haifai kumchanganya na wa kwanza, ingawa antena zao zinafanana.

Wawili hao wanapotofautiana hasa ni kwenye kirungu kidogo cha redio, kile cha kuzimisha mkwaruzo. Kikifunguliwa chote, redio huvuma safari nzima na dereva huchoka. Kikifungwa sana, gari hutulia, na kinachonyamazishwa pamoja na mkwaruzo ni sauti dhaifu: ya aliye mbali, au ya mwenye betri inayokwisha. Sauti kali za walio karibu hupita bila shida. Mafundi huelekeza kirungu kizungushwe mpaka mkwaruzo ukatike, kisha kisisogezwe zaidi ya hapo.