Kiharusi, Kadari na Sinia Moja

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Anayenusurika huweza kubaki na mkono mzito, mguu wa kuburura au ulimi usiomtii, na hatari ya kupigwa mara ya pili humwandama. Ndipo huambiwa apunguze mwili, chumvi na mafuta, atembee, na ameze dawa za presha bila kukatiza. Kwa Waislamu wa visiwa vya Lamu agizo hili huzua swali: ikiwa maradhi yameandikwa, kujinyima si kushindana na kadari?

Khalifa Umar bin Khattab aliulizwa swali kama hilo alipoghairi safari ya Sham kwa sababu ya tauni. Alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu. Kwa mizani hiyo presha ni kadari, na mchuzi wa chumvi kidogo nao ni kadari. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi huliachia tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mwili una haki juu ya mwenyewe. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kumsimanga mgonjwa mnene kana kwamba ameadhibiwa. Maradhi kwa muumini ni kafara ya dhambi.

Huko Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na kijiji cha Shela, haki hiyo ya mwili hudai jasho. Hospitali ya King Fahd iko Amu, yaani mji wa Lamu, ng'ambo ya maji, na kupanda boti kwa mguu uliopooza ni kazi ya watu wawili. Lakini maji yakitoka, mchanga mbichi ulioshikana hufaa kwa mazoezi: mgonjwa hushika bakora kwa mkono mzima, msaidizi husimama upande dhaifu.

Kwenye sinia mambo ni magumu zaidi. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga na achari huliwa pamoja, na anayeinua mkono mapema huonekana amekidharau chakula. Kumpikia mgonjwa chungu chake pekee humtenga. Iliyo haki ni kupunguza chumvi ya chungu cha wote: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na wengi wenye presha hawajijui. Wajibu huu, basi, ni wa mpishi na walaji wote.

Kuhusu Ramadhani, Qurani (2:184–185) imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku. Kuacha dawa ili kutimiza saumu si uchaji. Familia na zimuulize daktari na shekhe kabla mwezi haujaandama.