Mungu wa Vilima, Mungu wa Mabonde

Somo: 1 Wafalme 20:23–30, Amosi 9:7



Wiki hii nataka tuketi na swali moja ambalo limezunguka kanisani kwetu: je, kijana aliyeokoka anaweza kubuni miungu kwa ajili ya mchezo? Wengine walisema ni jambo dogo, watoto wanacheza tu. Wengine walisema hiyo ni sanamu, ichomwe, na kijana aondolewe kwenye kinanda cha timu ya sifa mpaka atubu. Kwa kuwa mimi hufundisha darasa la vijana, swali liliwekwa mikononi mwangu pamoja na daftari lenyewe. Nililisoma kurasa zote kabla ya kusema neno. Nawe nakuomba unisome hadi mwisho kabla ya kuamua.

Kwanza tuelewe huo mchezo. Watu wanne au watano wanaketi mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, na kila mmoja wa wale wengine anachukua mtu wa kuigiza: shujaa, mganga, mwizi, msafiri. Msimulizi anaeleza mahali walipo na hatari iliyo mbele yao. Wachezaji wanasema watafanya nini, kisha kete zinarushwa, kama zile za ludo ila zenye pande nyingi zaidi, ili kuonyesha kama wamefaulu. Mchezo wa aina hii uliovuma wa kwanza unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Ili hadithi ikamilike, msimulizi hubuni nchi nzima: mito, milima, wafalme, na pia miungu ambayo watu wa nchi hiyo wanaiabudu. Hapo ndipo mzazi anaposhtuka.

Hatukuwa wa kwanza kushtuka. Miaka ya 1980 Wakristo wengi Marekani waliupinga mchezo huo. Mwaka 1984 Jack Chick alitoa kijitabu cha katuni kiitwacho Dark Dungeons, kikionya kwamba ni mlango wa uchawi. Na wanaopinga wana andiko. Kutoka 23:13 inatukataza kuyataja majina ya miungu mingine. Hilo si neno la kurukwa.

Lakini hebu tulipime kwa Biblia yenyewe. Manabii wanamtaja Baali. Kitabu cha Samweli kinamsimulia Dagoni akianguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana. Kama kutaja jina tu ni dhambi, basi msomaji wa Biblia anatenda dhambi kila wiki. Kinachokatazwa ni kuyaita majina hayo kwa kuomba, kuyaapia na kuyategemea. Isaya 44 inatuonyesha sanamu inavyozaliwa. Mtu anakata mti, nusu anaota moto na kuoka mkate, na nusu iliyobaki anaichonga kisha anaipigia magoti aiombe imwokoe. Huyo mtu amesahau kwamba ameitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo dhambi ilipo. Mtu anayebuni hadithi na kukumbuka kwamba ameibuni bado hajapiga magoti.

Hadithi ya kubuni pia si ngeni katika Neno. Katika Waamuzi 9 Yothamu alisimulia miti ikitafuta mfalme, na hakuna aliyemshtaki kwamba anaamini miti huongea. Nathani alibuni tajiri na mwana-kondoo wa maskini, na hadithi hiyo ndiyo iliyovunja moyo wa Daudi. Kuna pia J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alikuwa Mkristo mcha Mungu, Mkatoliki, na alibuni dunia nzima yenye nguvu za juu nyingi zinazotawala bahari, upepo na miamba. Lakini juu ya zote aliweka Muumba mmoja, na hizo nguvu zote ni viumbe vyake. Mtu anaweza kubuni mengi bila kumwondoa Mungu kwenye kiti chake.

Sasa nizungumze na vijana, msije mkaondoka hapa mkishangilia. 1 Wakorintho 8 inasema sanamu si kitu, kisha inasema ujuzi huo unaweza kumwangamiza ndugu yako mwenye dhamiri dhaifu. Hapa Isiolo tuna akina mama na wazee waliotoka kwenye hofu ya kweli. Walitoa wanyama kwa waganga, walivaa hirizi, walilala macho wazi. Kwao mambo ya miungu hayajawahi kuwa mchezo. Ukirusha kete mbele ya mtu kama huyo na kumwambia "hii ni hadithi tu, mama," utakuwa umesema kweli na umemkosea upendo. Weka daftari lako mbali naye. Uhuru wako haupungukiwi na kitu ukifanya hivyo.

Hayo nimeyasema kuhusu kubuni miungu kwa jumla. Lakini nilipolisoma daftari la kijana wetu nilikuta jambo jingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Alikuwa amechora ramani. Katikati kuna mto, na yeyote wa hapa kwetu angetambua ni Ewaso Nyiro, kuanzia juu mpaka unapopotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Kando ya mto kuna mataifa manne. Majina ya mataifa alikuwa ameyabadilisha, lakini ya miungu hakuyabadilisha. Waaq ana mabonde, jeshi la ngamia na mkuki. Akuj ana nchi kavu na ukame kama silaha. Nkai ana mifugo na umeme wa radi. Murungu ana vilima na mashamba. Kila mmoja amepewa nambari ya nguvu, na wanne hao wanapigania maji.

Kutumia majina ya kweli hakukuanzia kwake. Mwaka 1980 wenye ule mchezo wa Marekani walitoa kitabu kiitwacho Deities & Demigods, kilichowapa miungu nambari ili wachezaji wapime nguvu nao. Ndani yake hakukuwa na miungu ya Wagiriki wa kale tu. Kulikuwa na Indra, Kali na Vishnu, majina ambayo mamilioni ya Wahindu, wakiwemo jirani zetu wa Nairobi na Mombasa, wanayaita katika sala mpaka leo. Mimi siabudu wanachoabudu wao. Lakini najua ningehisi nini kama mtu angemwandika Yesu kwenye karatasi na kumpa nambari ya nguvu ili watoto wamshinde kwa kete. Tusimfanyie jirani jambo ambalo sisi tungelilia.

Na kwetu Isiolo jambo lenyewe ni zito zaidi. Hebu uliza maana ya majina hayo manne. Kwa Waborana, Waaqa ni Mungu na pia ni mbingu. Kwa Wasamburu, Nkai ni Mungu na pia ni mvua. Kwa Waturkana, jina Akuj linatazama juu. Wameru wanasema Murungu. Ukifika Mandera utakuta mji unaoitwa El Wak, kisima cha Waaq. Wazee wetu hawakusema mbinguni kuna wanne wanaogombana. Kila mmoja kwa lugha yake alitazama juu, mahali mvua inapotoka, akamwita aliye mmoja. Sisemi kila kafara ya zamani ilikuwa sawa. Nasema kwamba Biblia ilipotafsiriwa kwa lugha hizi, watafsiri walichukua majina hayo hayo. Mborana aliyeokoka anamwomba Waaqa kwa jina la Yesu, na Mmeru aliyeketi naye benchi moja anamwomba Murungu. Kule Athene Paulo naye alianza na madhabahu aliyoikuta, akatoka hapo kuwatangazia Mungu aliyeumba wote kwa damu moja.

Basi kijana wetu aliwagawanya mara nne walichokiita kimoja hata babu zetu. Na Biblia inalijua kosa hilo kwa jina. Fungua 1 Wafalme 20. Washami walipigwa vitani, wakaketi kutafuta sababu. Washauri wa mfalme Ben-hadadi wakasema miungu ya Israeli ni ya vilimani, tukipigana nao tambarare tutashinda. Waliichora mbingu kama ramani ya kaunti, kila mungu na wadi yake. Mwaka uliofuata Israeli walipiga kambi Afeki kama vikundi viwili vidogo vya mbuzi, na Washami wameijaza nchi. Nabii akaja akasema Bwana atawatia mkononi mwao kwa sababu moja: Washami wamesema yeye ni wa vilima na si wa mabonde.

Angalia vizuri. Mfalme wa Israeli siku hiyo alikuwa Ahabu, mtu aliyemjengea Baali nyumba Samaria. Hakushinda kwa sababu ya wema wake. Bwana alikataa kukatwa vipande. Na ili Israeli wasidhani yeye ni wa kabila lao, katika Amosi 9:7 anawaambia kwamba aliyewatoa Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori, na ndiye aliyewatoa Washami kule Kiri. Washami hao hao! Adui wa jana pia alikuwa na safari yake na Mungu.

Wapendwa, nilipomuuliza kijana ni wapi alipata wazo la miungu wanne wenye vita, alinitazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. Akasema, "Si ndivyo ilivyo, mwalimu?" Neno hilo lilinichoma. Mtoto huyo hakubuni, alinakili. Amekulia mahali ambapo malisho na maji vimemwaga damu. Amesikia mifugo ikichukuliwa, na siku iliyofuata watu wakimshukuru Mungu kwa kurudisha ng'ombe wetu, bila swali la nani alilala chini upande wa pili. Amesikia maombi yakisema "adui zetu" na kila mtu chumbani akijua ni kabila gani. Amewaona wanasiasa wakati wa kura wakipewa kipaza sauti kanisani na kutuambia Mungu amekumbuka watu wetu. Watu wetu ni nani? Waswahili walisema, umleavyo ndivyo akuavyo. Tunataka daftari lichomwe, na yaliyomo tumeyaandika sisi.

Nilimwambia ayaondoe majina yale manne, na akakubali bila ubishi. Kisha akaniuliza, "Nikibadilisha majina, vita vibaki?"

Nilimwambia vibaki. Vita ni kweli, na hadithi isiyo na vita haitakuwa hadithi ya hapa. Lakini nilimwonyesha kitu kinachokosekana kwenye ramani yake. Katika mchezo wake shujaa akiua ng'ambo ya mto, mungu wake anampongeza na kumwongezea nguvu. Aliyekufa ana mungu mwingine, na huyo anapanga kisasi. Hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo Bwana alimuuliza Kaini: yuko wapi ndugu yako? Swali hilo haliwezi kuulizwa na mungu wa kabila, kwa sababu kwake aliyekufa si ndugu. Linaulizwa tu na aliye juu ya kingo zote mbili za mto, anayeisikia damu ikilia kutoka ardhini bila kuuliza ni ya kabila gani.

Hii ndiyo sababu kumwamini Mungu mmoja si hesabu ya kusema mmoja badala ya wanne. Ukiwa na mungu wa kabila lako, damu ya jirani haina mahali pa kulilia. Ukiwa na Mungu mmoja, kila damu ina mahali pa kulilia, na wewe una wa kumjibu. Kwa hivyo watu wengi, na siwatoi watu wa kanisani, wanakiri Mungu mmoja kwa midomo lakini wanaishi na yule wa vilimani. Huyu haulizi maswali, na ni rahisi kuishi naye.

Basi wazazi, someni daftari kabla ya kuwasha kiberiti. Mtoto anayechora anakuambia anachokiona. Vijana, mkibuni, kumbukeni kila siku kwamba mmebuni. Jina ambalo jirani analiita akiomba msiligeuze kuwa kikaragosi. Na kila mungu mliyemchora muulizeni anataka nini kwa watu wake, na kama aliwahi kuwauliza habari za ndugu yao. Na kuhusu kinanda, wazee wameshaketi. Kijana atapiga Jumapili kama kawaida.

Wiki hii ukipiga magoti kuomba mvua, omba inyeshe pia kwa yule ambaye wewe na yeye mnagombania kisima. Mtaje kwa jina. Ukishindwa kulitaja, kaa hapo hapo magotini mpaka uweze, kwa maana umefika mahali ambapo Bwana anataka kuongea nawe.

Ee Bwana wa vilima na mabonde, tuondolee mungu tuliyejichongea kwa sura ya kabila letu. Tuulize habari za ndugu yetu, na utupe jibu tusiloona haya kulitoa. Kwa jina la Yesu. Amina.