Kasha la Kompyuta na Swali la Israfu

Israfu, yaani kutumia mali au nguvu kupita haja, ndiyo hoja ya kwanza anayokabiliwa nayo fundi anayekata kasha zima la kompyuta ili lipokee rejeta, kifaa chenye mapezi membamba ambacho hutoa hewani joto lililobebwa na maji kutoka kwenye prosesa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa feni ya kawaida huzitosha kompyuta nyingi. Hata hivyo, inalipima tendo kwa tija yake tu. Mwanafalsafa Aristotle naye aliuweka ufundi miongoni mwa matendo ambayo lengo lake liko nje yake, katika kitu kinachotengenezwa. Lakini fundi anayetoboa matundu ya skrubu za feni ya milimita 120, ambayo vitovu vyake hutengana kwa milimita 105, kisha akaupiga tupa na msasa ukingo wa bati usioonekana na yeyote, licha ya kuukinga mpira wa maji usichanwe, anaijenga pia nafsi yake katika uangalifu, na faida hiyo, ambayo ni kubwa kweli, haionekani kwenye kipimajoto. Israfu, ikiwapo, itafutwe kwanza kwenye taa za mapambo.