Pasaka ya Mwezi wa Pili

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 9, tunasoma habari za watu waliomwendea Musa kwa huzuni. Walikuwa wamegusa maiti, wakawa najisi, na Pasaka ikawa inawapita. Musa hakuwajibu kwa akili yake. Aliwaambia wangoje asikie Bwana atakaloamuru. Jibu lilikuja: aliye najisi kwa sababu ya maiti, au aliye safari ya mbali, ataishika Pasaka mwezi wa pili, siku ya 14. Lakini aliye safi, asiye safarini, akaiacha tu, atakatiliwa mbali na watu wake.

Sisi wa Karatu na Ngorongoro tunajua misiba, na tunajua safari za mbali. Mtu akishindwa kesi ya shamba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Endulen, kufika Arusha ni kupita ukingo wa kreta, kushuka lango la Loduare, kisha Karatu, Rhotia, Mto wa Mbu na Makuyuni. Na nauli ni lazima itafutwe kwanza.

Mwenzetu mmoja alichelewa. Rufaa yake ikatupiliwa mbali, na hakuna jaji aliyesikiliza kama shamba lilikuwa lake au la. Wengi wetu tulinung'unika: je, ingegharimu nini kumsamehe zile siku chache?

Sheria haikukosa huruma, ila huruma hiyo ina mahali pake. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kabla ya kuleta rufaa. Katika shauri la Lyamuya Construction na Wadhamini wa YWCA, lililofunguliwa mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kupima: mwombaji aeleze siku zote alizochelewa, ucheleweshaji usipite kiasi, aonyeshe bidii wala si uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, kwa mfano uamuzi unaopingwa kuwa kinyume cha sheria. Lakini rufaa ikishatupwa kwa kupitwa na wakati, mahakama ile imemaliza kazi yake. Haiwezi kugeuka na kuongeza muda ambao haukuombwa. Kilichobaki ni kwenda mahakama ya juu yake. Rufaa iliyoondolewa kwa kasoro ya nyaraka tu ni jambo lingine. Huyo anaweza kurudi, na kama muda umepita, auombe.

Je, ni haki? Tumkumbuke na yule aliyeshinda. Naye ni jirani yetu, naye anataka kupanda mahindi yake bila kuogopa kwamba kesi itafufuliwa baada ya miaka kumi. Mlango usiofungwa kamwe ungemnyima yeye amani.

Tena, tukisema kweli, siku za mwenzetu hazikuliwa na mahakama. Tulizila sisi. Alipotuletea hukumu ile, sisi wazee wa kanisa tulimwambia asikimbilie rufaa, kwa kuwa Wakristo hawashtakiani, tutawapatanisha. Kikao cha kwanza hakikufika mwisho. Cha pili, upande mwingine haukuja. Cha tatu tuliahirisha kwa sababu ya msiba. Nia yetu ilikuwa njema, lakini mazungumzo ya suluhu peke yake hayasimamishi hesabu ya siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza tarehe ya hukumu. Tulimwomba awe mvumilivu, na uvumilivu huo ndio uliomgharimu shamba.

Ndipo tuliporudi kusoma habari ya wale watu, tukaona neno tulilokuwa tukiliruka: walimwendea Musa siku ileile. Hawakungoja mwezi wa pili ufike ndipo waeleze. Waliomba wakati kulikuwa bado na jambo la kuomba.

Mbele za Mungu tunaamini hatujachelewa kutubu, nasi tulimwendea mwenzetu tukamwomba msamaha. Alitusamehe. Shamba halikurudi. Msamaha wake haututoi wajibu kwa atakayekuja kesho. Sasa mtu akija kwetu na hukumu mkononi, tunamuuliza kwanza imetolewa lini, tunahesabu siku pamoja naye, tunamwelekeza kwa anayejua sheria. Suluhu tunaitafuta huku rufaa yake ikiwa salama. Kisha tunapiga magoti.