Jirani wa Siku Tatu

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kusema na ndugu zetu wa Dabaso, na wa Gede na Watamu pamoja nao, juu ya nyumba zinazopangishwa wageni kwa usiku. Zamani mgeni aliyekuja kutembea pwani alishukia hotelini. Leo huitafuta nyumba kwa simu, kwa njia kama ile ya Airbnb iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, akaja kulala ukuta kwa ukuta na sisi. Mwenye nyumba huenda yuko Nairobi, au Italia. Aliyeko ni mshika ufunguo.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni haramu. Sisi hatusemi hivyo. Kukodisha nyumba ni katika mlango wa ijara, na ijara ni halali, ila kwa yule apangishaye hali anajua kuwa nyumba yatakwa kwa maasia. Juu ya ulevi na mavazi hotuba zimekwisha kuwa nyingi, wala hatuoni haja ya kuongeza yetu. Letu ni haki ya jirani.

Katika Sura ya Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na wa mbali katika aya iyo hiyo aliyoamrisha aabudiwe Yeye peke yake. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Jibrili hakuacha kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani hata akadhani kuwa atarithishwa. Basi twauliza: nyumba inayobadilisha watu kila siku tatu, jirani wake ni nani? Ukipiga ukelele usiku, ni nani huko alijuaye jina lako? Ukifiwa, ni nani atakayeshika jeneza? Mgeni hana kosa. Hakuja kukaa, na dini yetu imempa haki ya kukirimiwa. Kosa ni la mwenye nyumba aliyeiondoa nyumba katika mtaa, na huku kuta zake zingali zimesimama.

Tena kodi ya siku chache ikishinda kodi ya mwezi, mwalimu wa chuo huambiwa ahame, na kijana aliyeposa hakosi mke, hukosa chumba. Wakiondoka hao, safu ya alfajiri hupungua. Mtu wa huku hana haja ya kuelezwa msikiti usio na watu ni kitu gani: tuna Gede. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17 kwa sababu nyingine, nazo wataalamu wangali wakibishana juu yake. Lakini leo watu hulipa kiingilio wakatazame mihrabu isiyo na imamu, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika urithi wa ulimwengu. Ni heshima kwa magofu. Mtaa ulio hai hautaki heshima hiyo.

Wala hofu hii si ya Waislamu peke yao. Barcelona, huko Uhispania, mwaka 2024 ulitangaza kwamba leseni 10,101 za nyumba za namna hii zitakoma ifikapo mwisho wa 2028, ili wenyeji wapate pa kukaa. Nao hawakuanza jana kula kwa wageni.

Mwenye kutaka kuuza au kupangisha na amkumbuke Abu Rafii, aliyeachwa huru na Mtume. Alikuwa na vyumba viwili katika ua wa Saad bin Abi Waqqas. Alikwisha kupewa bei ya dinari 500. Saad hakutoa ila 4,000 za fedha, tena kwa mafungu, nazo ni pungufu. Abu Rafii akamwuzia Saad, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Wanavyuoni wetu wa Shafii wameifasiri hadithi hii kwa mshirika, si kwa kila jirani, na hukumu yao twaishika. Lakini Abu Rafii hakupelekwa kwa kadhi, alikwenda mwenyewe. Mtu wa Dabaso naye, kabla ya kumpa dalali ufunguo, aweza kupiga hodi nyumba ya pili na kuuliza kama yuko kijana wa mtaa atakaye chumba. Na kama hayuko, amwambie jirani ni nani atakayekuja, kwa siku ngapi, na usiku likizuka jambo apigiwe simu nani.