Gome la Mti na Neno la Kweli

Msomaji, ukipita sokoni Rongo au Ndhiwa, yamkini utaona magome makavu yaliyofungwa mafungu juu ya gunia. Miongoni mwake huwamo gome la mti ambao Wajaluo huuita ober. Watu hulichemsha na kunywa maji yake wakishikwa na kikohozi, na desturi hiyo ni kongwe. Siku hizi huongezewa sifa nyingine: kwamba huinua kinga ya mwili. Nauliza: asemaye hivyo asema kweli?

Tusikimbilie kumcheka. Katika magome ya miti mingi mna polisakaraidi, yaani sukari zilizoungana mfano wa mnyororo mrefu, nazo hutoka kwa maji ya moto. Basi chungu cha nyanya na chombo cha maabara hufanya kazi moja. Wataalamu wa Mali na wa Norway walizitoa katika magome ya miti ya dawa ya huko Mali, wakaona kwamba huziamsha chembe za kinga ndani ya chupa.

Lakini chupa haina tumbo. Kinywewacho hupita tumboni kwanza, na humo huweza kubadilika. Tena kuamsha si kuponya: virusi vya Ukimwi hujizidisha upesi zaidi katika chembe zilizoamshwa. Hili si jambo dogo Homa Bay na Migori, ambako maradhi hayo yamezika wengi, na ambako vidonge vya kila siku vimewarudisha wengi shambani na ziwani. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wengine kutoka Kenya, walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mizizi ya mugariga. Wamo walioacha vidonge vyao.

Mwongo ni yule ajuaye kweli akaificha. Muuza magome hajui, basi si mwongo. Hata hivyo, mgonjwa aliyeacha vidonge hafi kwa nia ya msemaji, hufa kwa neno lake. Kwa hiyo naona kwamba asemaye zaidi ya ajualo amejitwika dhamana ya uhai wa mwenzake bila kuombwa. Na mtaalamu aachaye magazeti yatangaze tiba, hali aliona chembe tu, namhesabu mbaya kuliko muuzaji, maana yeye aliujua mpaka wake.

Nilipata kumwuliza nyanya mmoja sokoni kama mwenye vidonge aviache akinywa ober. Alilifunga fungu lake polepole.

"Hilo sijui, mwalimu," akasema. "Mimi najua kikohozi."

Nikanunua mafungu mawili.